Ubalozi Unapouliza Una Ng'ombe Wangapi

Wanangu, na nyinyi wajukuu mliokwisha kunizidi kimo, mnaniuliza kila mara nilikuwa nafanya kazi gani hadi watu wa Kayanga wakaniita Mama Edson wa Pasipoti. Leo nimeketi, maharage nimeshachambua, nawaandikia. Pasipoti yenyewe sikutoa hata moja. Hiyo hutoa serikali. Mimi nilikuwa na duka la steshenari na mashine ya kopi iliyokuwa inakohoa kuliko wateja. Kazi yangu ilikuwa kumwandaa mtu anayekwenda nje ya nchi, karatasi zake zikae sawa, na yeye mwenyewe akae sawa. Nawaapia, nilicheka pale dukani kuliko nilivyowahi kucheka harusini.

Leo mnajaza maombi kwenye simu mkiwa mmelala chali kitandani. Vizuri, wivu sina. Lakini simu haitawaambia habari ya utomvu wa ndizi.

Naanza na huo utomvu kwa sababu umewarudisha wengi nyumbani wakilia. Mwanamke wa Igurwa aliyemenya ndizi tangu utotoni ana ncha za vidole nyeusi, na michirizi ya vidole imelala kabisa. Akifika kwenye mashine ya alama za vidole, mashine inamkataa. Anaweka tena, inamkataa tena, na foleni nyuma inaanza kuguna. Mmoja alirudi nyumbani akasugua vidole kwa jiwe la kusugulia miguu, akaondoa hata ile michirizi kidogo iliyobaki. Dawa yake ni rahisi: wiki moja kabla ya kwenda, wamenye wengine. Jioni upake samli, asubuhi unawe kwa maji ya uvuguvugu na limao, basi. Kuna mama nilimpa masharti hayo, mumewe akakubali kumenya ndizi wiki nzima. Majirani walipomwona na kisu na beseni la ebitoke, ndizi za kupika, uani, wakasema huyu bwana amelishwa limbwata. Alivumilia mpaka mkewe akapata pasipoti, na nasikia aliendelea kumenya hata baadaye.

Aliyenifundisha kazi ni Ma Justa. Kwetu huku mwanamke wa heshima tunamwita Ma. Alikuwa karani wa parokia kwa miaka mingi, akiwatayarishia safari mapadre na masista wanaokwenda masomoni. Alipostaafu akafungua duka, nami nikaingia hapo kama mpiga chapa wake. Alikuwa mkali, na rula yake ilijua kugonga meza. Ukimwambia mteja ana haraka, alijibu, "Basi atajaza mara mbili." Ndiye aliyenifundisha kwamba cheti halisi hakiachwi kwa mtu, hata kama mtu huyo ni shemeji yako. Ndiye aliyenifundisha kumpiga mtu picha bila kofia, masikio yakionekana, na asitabasamu, jambo ambalo kwetu sisi Wanyambo ni gumu, maana ukimtazama mtu usoni lazima akuchekee kwa adabu.

Lakini somo lake kubwa halikuwa la karatasi. Aliniambia, "Ukiona jibu la ajabu kwenye fomu, usimwulize mteja kwa nini amedanganya. Mwulize anaogopa nini." Wakati ule niliona ni maneno ya kikanisa tu. Nilikuja kuyaelewa siku Mzee Kahigi alipoingia dukani, na huyo ndiye hasa ninayetaka kuwasimulia. Subirini kidogo, kwanza nimalize na sisi watu wa mpakani.

Sisi tuna ugonjwa wetu. Mtu wa Kyerwa amezoea kuvuka Murongo kwenda msibani au harusini Uganda. Anapata hati yake ya dharura, anafika mpakani, anamsalimia ofisa kwa Kinyambo, anauliza watoto hawajambo, anapita. Ng'ambo nako wanamjibu kwa lugha ileile. Kwa hiyo akilini mwake, nje ya nchi ni kwa shangazi. Baba Deus wa Kamuli, mkulima wa kahawa, alialikwa Ulaya kwenye maonyesho ya kahawa. Nikamwandaa vizuri sana. Alipofika uwanja wa ndege akamsalimia binti wa kaunta, akauliza habari za nyumbani, akauliza mvua, na watu nyuma yake wanahema. Binti akasema, "Mzee, naomba pasipoti." Baba Deus akatabasamu kwa fahari. Pasipoti alikuwa ameihifadhi mahali salama kabisa: chini kabisa ndani ya sanduku kubwa, ndani ya soksi, kufuli mbili. Na sanduku lilikuwa tayari limepokewa kwenye mizani ya mwanzo na kupelekwa kwenye mizigo ya ndege.

Walilitafuta wakalirudisha, na ndege hakuikosa. Lakini alifungua soksi zake mbele ya umati, na mpaka leo akinisimulia anashika mbavu. Ndiyo maana nawaambia: pasipoti inakaa mwilini mwako, kwenye kimfuko chini ya shati. Kopi moja iwe ndani ya mzigo, nyingine ibaki nyumbani, na picha yake iwe kwenye simu. Kadi ya manjano ya chanjo iende pamoja na pasipoti; hizo mbili zisiachane kama maharusi. Na senene, jamani, ulizeni kwanza kama nchi ile inaruhusu. Nilikuwa na mteja, msichana mmoja, aliwabeba kopo zima kumpelekea kaka yake anayesoma. Huko alikofika walimwambia senene hawaingii. Akaomba dakika moja, akafungua kopo, akatafuna konzi nzima mbele ya maofisa watatu, kisha akawakabidhi kilichobaki. Alisema asingeweza kuwaacha hivihivi.

Pana jambo moja ambalo silichekei. Ukipata mtu anakuahidi kazi nchi za mbali, mkataba usome wewe, na msomee mtu mwingine unayemwamini kabla ya kutia sahihi. Pasipoti yako ni yako. Tajiri wako hana haki ya kuifungia kabatini. Usibebe kifurushi cha mtu hata akikuambia ni dawa ya bibi yake. Na kabla hujaondoka, mwambie mtu mmoja wa nyumbani unakwenda wapi, kwa nani, na umpe namba. Najua mila zetu: safari haitangazwi, watu wasije wakaifunga njia. Sawa, usiwatangazie kijiji. Lakini mtu mmoja ajue, kwa sababu ukipotea na hakuna anayejua ulikokwenda, hakuna wa kukutafuta. Hilo nililisema kwa kila binti aliyepita mbele ya meza yangu, na wapo walioniona mchawi kwa kuwauliza sana.

Sasa Mzee Kahigi.

Huyu alikuwa mfugaji wa nyanda za malisho, kule ukishaipita Rugu. Mjane, mrefu, mpole, kofia haimtoki kichwani. Aliingia dukani siku ya soko, fimbo mkononi, bahasha kwapani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Edson. Migomba ya Igurwa haijambo?"

"Haijambo, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima. "Na ng'ombe?"

"Tupo natwo hivyohivyo," akasema, yaani tupo na hivyo vidogo vyetu, akatoa mfukoni kipakiti cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni, akanimwagia konzi nzima mezani. Kwake hata ukiwa dukani kwako, mgeni ni wewe.

Binti yake Kemilembe ni muuguzi huko kaskazini mwa Ulaya. Alikuwa amepata mchumba hukohuko, siku ya harusi imepangwa, ilikuwa imebaki miezi miwili. Mama yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo baba ndiye mzazi pekee. Kemilembe alikuwa amemwambia kwenye simu, "Baba, usipokuja, mimi kanisani siingii." Na yule binti nilimjua tangu anavaa sare ya shule, akisema jambo limesemwa.

Maombi ya viza yalikuwa yameshapelekwa mara moja, yakiwa yamejazwa na watu wengine huko mjini, na yamekataliwa. Mzee akaniwekea ile bahasha mezani kama mtu anayeweka mgonjwa.

"Wameniandikia kwamba sina cha kunirudisha nyumbani," akasema. "Mimi, Mama Edson! Wanadhani nikibaki kule, nani ataamka kusimamia kukamua?"

Nikaisoma kopi ya maombi yake. Penye mali pameandikwa: ng'ombe kidogo. Penye watoto pameandikwa: anajua Mungu. Aliyejaza alikuwa ameandika neno kwa neno kama alivyoambiwa. Niliangua kicheko mpaka Mzee akavua kofia, akanitazama kwa wasiwasi.

"Mzee wangu, hapa umesema una tugombe."

"Ndiyo. Tugombe. Ulitaka niseme nini?"

Jamani, tugombe, yaani ving'ombe vichache! Ng'ombe wa Mzee Kahigi wakivuka barabara, mabasi yanazima injini na abiria wanashuka kununua karanga. Lakini nyinyi mliokulia mjini hamjui, na yule wa ubalozini naye asingejua: mfugaji wetu hahesabu ng'ombe wake kwa mdomo. Kuhesabu ni kuwaanika kwa jicho baya. Ukimwuliza anao wangapi, adabu inamtaka apunguze, aseme viko viwili vitatu vya maziwa ya watoto. Na watoto ni hivyohivyo. Sisi tukisikia "tugombe" tunaelewa kwamba huyu ni tajiri mwenye malezi mema. Mtu wa ubalozi amesoma "kidogo", akasoma "anajua Mungu", akaona ni mzee maskini asiye na mtu, mwenye binti mmoja tu Ulaya, na viza ikiingia mkononi hatarudi. Kwa karatasi alizopewa, hata mimi ningemkataa.

Nikamweleza hivyo. Akaizungusha kofia mikononi.

"Basi haitawezekana," akasema. "Mdomo huu hauhesabu. Mwambie Kemilembe aolewe tu, nitamwombea nikiwa hapa."

Ilikuwa imebaki kidogo nimkasirikie. Mtoto amekataa kuingia kanisani bila baba, na baba anashindwa kutaja namba! Ndipo nikamkumbuka Ma Justa. Nikaisogeza fomu pembeni.

"Mzee, unaogopa nini?"

Mwalimu mmoja aliyekuwa anasubiri kopi zake alijifanya anasoma tangazo ukutani.

"Zamani, mama yake Kemilembe akiwa hai, alikuja mtu wa mradi," Mzee akasema. "Mtu mwema tu. Akasimama uani kwangu akawahesabu watoto kwa kidole. Huyu, huyu, huyu, na kile kilichopo mgongoni. Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Kabla ya mavuno tukakizika kile cha mgongoni. Mimi si mjinga, Mama Edson. Najua ilikuwa malaria. Lakini tangu siku hiyo sijahesabu kitu chenye uhai."

Nilimmiminia chai, nikajimiminia na mimi, tukanywa. Mwalimu naye nikampa kikombe, maana alikuwa ameacha kujifanya.

Chai ilipofika nusu, nikapata wazo. "Mzee, sitakuomba uhesabu. Wala sitakuuliza wangapi. Nisimulie tu ng'ombe wako."

"Nikusimulie vipi?"

"Mmoja mmoja. Anaitwaje, kazaliwa na nani, ana tabia gani. Si unawajua?"

Loo! Uso wake ulifunguka. Kumwambia mfugaji akusimulie ng'ombe wake ni kumwambia mama mkwe akusimulie watoto wake wa kiume. Alianza na Bihogo, mwekundu wa ukoo wa baba yake. Akaja Mayenje mwenye madoa, anayejua kufungua lango kwa pembe. Akaja Siina, akaja binti wa Siina aliyekataa dume la jirani, akaja Gaju ambaye haachii maziwa mpaka uimbe. Kila jina lilipotoka, mimi nilichukua punje moja ya akamwani pale mezani, nikaitia kwenye droo. Polepole, bila kelele. Mzee yeye macho alikuwa ameyapeleka dirishani. Alijua ninachofanya, nami nilijua kwamba anajua, na hatukulizungumza.

Punje zilikwisha, ng'ombe bado. Ikabidi mwalimu aende sokoni akaongeze nyingine. Aliporudi alikuta wateja wamejaa mlangoni, hakuna anayetaka kuhudumiwa, wote wanasikiliza. Mama mmoja muuza nyanya akauliza kwa sauti, "Na yule mweupe aliyekula khanga yangu mwaka juzi, mbona hujamtaja?" Mzee akasema, "Huyo nilikuwa njiani, namjia." Watu walicheka, nami nikaongeza punje.

Tulipomaliza ng'ombe, nikafunga droo, nikafungua nyingine. "Sasa, waitu, nisimulie watoto."

Hapo sauti yake ikashuka. Akamtaja Katunzi, mkubwa, anayebaki na mifugo. Akamtaja Kokugonza aliyeolewa Nkwenda. Akaendelea hivyo, huyu mkorofi, huyu ana sauti ya kanisani, mpaka Kemilembe, aliyekuwa anajificha zizini ili asome. Kisha akasema, "Na Kokushubira. Ndiye yule wa mgongoni."

Punje nilikuwa nimeshaiokota. Fomu inauliza walio hai. Nikamtazama Mzee, naye kwa mara ya kwanza akaondoa macho dirishani.

"Na yeye yumo," akasema.

"Yumo, Mzee."

Punje ya Kokushubira niliiweka peke yake, kwenye kisahani cha chai. Mama wa nyanya alijifuta macho kwa ncha ya khanga, na mimi mwenyewe sikuwa mzima. Kwenye fomu niliandika walio hai, kama inavyotakiwa na sheria.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya miguu. Mtendaji wa kijiji aliandika barua ya utambulisho, safari hii yenye namba. Afisa mifugo alipoulizwa, alifungua kumbukumbu zake za chanjo akakuta na yeye amekuwa anaandika "kundi la Mzee Kahigi" tu. Akaona aibu, akaenda zizini akawaangalia mwenyewe, Mzee akiwa amegeuza mgongo. Tuliambatanisha hati ya ardhi ya kimila, barua ya mchungaji wa usharika wake, mwaliko wa Kemilembe na bima ya safari. Bima ilinipa shida. "Bima ya kufa?" Mzee aliuliza. "Harusini kwa mwanangu niingie na kifo mfukoni?" Nikamwambia ni ya homa na meno, akaridhika. Tukaweka pia picha yake amesimama katikati ya kundi. Hiyo hakuikataa kabisa. Alisema picha haihesabu, inatazama tu.

Siku ya kutia sahihi nilimsomea kila kitu isipokuwa namba. Penye namba nilifunika kwa rula.

"Unathibitisha kwamba yaliyomo humu ni ya kweli?"

"Majina ni ya kweli, nimeyataja mwenyewe," akasema. "Hesabu ni yako, Mama Edson. Usije ukanitajia."

Akatia sahihi, herufi kubwa za mtu aliyesoma shule ya misheni. Akapanda basi na Katunzi hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Mashine ilimkubali mara moja; mikono iliyokamua na kupakwa samli maisha yote haina mgogoro na mashine.

Kungoja ndiko kulikotutesa. Kemilembe alipiga simu, mimi nikamwambia tulia. Akapiga tena, nikamwambia tulia, na moyoni sijatulia hata kidogo, kwa sababu harusi ilikuwa imebaki wiki tatu na nguo imeshashonwa. Kila nilipoona namba nisiyoijua kwenye simu, nilimwacha mteja na kopi zake nikaipokea mbio. Niliwahi kuwaandaa watu kwa masomo, kwa biashara, kwa matibabu, lakini hakuna viza niliyoiombea usiku na mchana kama ile.

Bahasha ilikuja na basi la Bukoba. Mzee hakutaka kuifungua nyumbani. Aliileta dukani, ikiwa bado imefungwa, akaipitisha mezani kwa ncha ya fimbo. Nikaichana. Nikafungua kurasa za pasipoti moja moja, mpaka ile karatasi inayong'aa ikatokea na picha yake, masikio nje, uso mkali ambao hakuwahi kuwa nao.

"Inasemaje?" akaniuliza.

"Inasema nenda, halafu urudi."

"Kurudi nilishawaambia tangu mwanzo," akasema, kisha akaketi chini taratibu, akaweka kofia usoni, mabega yanacheka na kulia kwa pamoja. Nilitoka nje nikapiga kigelegele ambacho kilisikika mpaka stendi. Mwalimu alikuja mbio, mama wa nyanya akaja na nyanya zake, na siku ile sikuuza hata kalamu.

Kumwandaa yeye mwenyewe ilikuwa kazi nyingine. Alitaka kubeba samli ya kuwapaka maharusi. Nikamwambia vitu vya maziwa haviingii kule, akaniuliza basi wanaoana kwa kitu gani. Alitaka aingie kwenye ndege na fimbo. Tulibishana asubuhi nzima, mwishowe akamkabidhi Katunzi, mbele ya zizi, maana kwao anayeshika fimbo ndiye anayeshika kundi. Dawa zake za presha ziliingia kwenye maboksi yake yenye jina lake na cheti cha daktari. Nikamvalisha shingoni kadi yenye jina, namba ya Kemilembe, na sentensi moja kwa lugha ya huko: naomba msaada, nakwenda kwa binti yangu. Nilimnunulia koti la mtumba la baridi, akalivaa kwenye jua la Kayanga, akajitazama kwenye kioo cha duka la jirani, akasema sasa anafanana na kondoo wa maonyesho.

Hakuaga mtu. Alivyopenda mwenyewe, aliondoka kama anakwenda mnadani. Lakini Katunzi alikuwa na kopi ya kila kitu, na mimi pia.

Alirudi kabla viza haijafika hata nusu ya siku zake. Kemilembe alinipigia, anacheka huku analalamika kwamba baba amekataa kuongeza hata wiki, eti Gaju hana wa kumwimbia. Siku mbili baadaye Mzee aliingia dukani na koti lake, jasho linamtiririka, hataki kulivua. Akanisimulia ndege, baridi, na ng'ombe wa kule waliokatwa pembe, ambao aliwahurumia sana, akamwuliza mwenye shamba kama walikuwa wamefanya kosa. Akanisimulia alivyomshika Kemilembe mkono, njia yote ya kanisa, na yeye hakutetemeka, ila Kemilembe ndiye aliyetetemeka. Alipofika hapo akachezea ukingo wa kofia.

Nikamwambia, "Pole na safari, Mzee. Na hongera."

"Asante, mwanangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Akaaga, akafika mlangoni, akageuka. Dukani palikuwa na watu, kwa hiyo akarudi mpaka mezani, akainama, akasema kwa sauti ya chini.

"Ile hesabu ya watoto. Uliyoifunika kwa rula."

"Ninayo, Mzee."

"Usinitajie."

"Sikutajii."

"Ila uirekebishe. Yule kijana mrefu wa Kemilembe alipiga magoti mbele ya watu wote, akaniita Baba kwa Kinyambo. Alikuwa amejifunza neno hilo moja tu. Jina lake mdomo wangu umelishindwa, nimempa la kwetu, nimemwita Mugisha, yaani baraka." Akavaa kofia yake, akaiweka sawa. "Andika, Mama Edson. Wameongezeka."